Alois Hakumpora Mtu wa Ndege

Mume wangu Alois hakumpora maiti. Nayaandika hayo mwanzoni ili asiyependa habari ndefu aishie hapa, akiwa ameshapata ukweli.

Wanaopenda kusoma nitawaeleza yote. Tangu tumzike Alois, miaka miwili sasa, maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema mbele yake yameota miguu. Sokoni Mkuyuni muuza ndizi mmoja alimwambia mjukuu wangu Rosa, "Ninyi si ndio wa nyumba ya ndege?" na wenzake wakacheka. Wanasema kwamba wakati wa vita ya Mjerumani ndege ya Waingereza ilianguka milimani kwetu, Alois akaikimbilia na shoka, akammalizia mwenye ndege, akamvua buti, koti na saa, kisha akaivunjavunja ndege yenyewe akauza vipande. Wanasema ndiyo sababu alichapwa, maana mtu asiye na kosa hachapwi. Na mwezi wa tatu mwaka huu, watu waliokuja kumposa Rosa walituma ujumbe kwamba wanahitaji muda wa kufikiri. Nawajua watu wanaohitaji muda wa kufikiri.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mke wa miezi mitano, na nilikuwa nimemaliza shule ya masista, ambako nilijifunza kusoma, kuandika, kushona, na Kijerumani cha kutosha kuelewa nikitukanwa. Muuza ndizi hakuwa amezaliwa. Hata mama yake nina shaka.

Alois alikuwa seremala. Alizaliwa juu ya Mgeta, kwenye mteremko ambako ukiangusha kibuyu asubuhi utakwenda kukiokota bondeni jioni. Alijifunza kazi misheni kwa bruda mmoja aliyemfunga mkono wa kushoto kwa kamba ili atumie wa kulia. Alipofunguliwa akawa anatumia yote miwili. Alikuwa mtu wa polepole. Hakukubali kumpa mtu kiti ambacho yeye mwenyewe hajakikalia siku nzima. Kila ubao ulioingia mkononi mwake aliunusa kwanza, akafumba macho, ndipo akasema utafaa nini. Nilipokuwa mchumba wake nilidhani ni majivuno. Baadaye nikajua kwamba hakuwahi kukosea.

Mwaka ule, 1916, mwezi wa nane, Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma. Chakula chetu kilikuwa kimechukuliwa mara mbili. Wanaume wengi walikuwa wamekamatwa kubeba mizigo ya vita, wengine hatukuwaona tena. Alois aliachwa kwa sababu alikuwa anawatengenezea machela za kubebea majeruhi. Nguo hazikuwapo. Wanawake waliokuwa na kanga mbili walihesabiwa matajiri, na mimi nilikuwa na moja na gauni la shule.

Ndege za Waingereza tulikuwa tumeshaziona zikipita mbali, upande wa reli, zikienda kutupa mabomu. Siku ile asubuhi ukungu ulikuwa haujainuka vizuri. Tulisikia mlio kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ukaja karibu mno, ukakatika. Halafu kishindo. Alois aliweka randa chini akasema, "Hiyo imeanguka kwa mama."

Kweli ilikuwa imeanguka kwa mama yake, Mama Felista, katikati ya matuta ya njegere. Asiyejua mambo ya kwetu aelewe hili: huku milimani ardhi ni ya upande wa mama. Lile shamba lilikuwa la lukolo, yaani ukoo wa Mama Felista, tangu bibi wa bibi yake, na mwenye sauti juu yake alikuwa yeye, mwanamke mfupi, mkavu, aliyevuta tumbaku ya kiko na kubatizwa uzeeni kwa masharti yake.

Tulipofika, watu kama ishirini walikuwa wamesimama pembeni. Ndege ilikuwa imelala ubavu, bawa moja limesimama juu kama mlango uliong'olewa. Mtu wake alikuwa ndani, bado amefungwa kwa mkanda, kichwa kimepinda isivyo kawaida. Shingo ilikuwa imevunjika. Nasema tena kwa wale wa shoka: shingo ilikuwa imevunjika kabla hatujafika, na kila mtu aliona. Alikuwa kijana. Ndevu zake hazikuwa zimekamilika.

Hakuna aliyemgusa, na si kwa woga peke yake. Kwetu maiti hazikwi na yeyote anayepita. Lazima awepo mwenye msiba, mtu wa ukoo wa marehemu, na huyo mwenye msiba ndiye anayewaita watani wa ukoo wake. Watani ndio wanaoosha, wanaochimba, wanaobeba. Sasa kijana huyu, mwenye msiba wake yuko Ulaya. Nani amwite nani?

Petro, katekista wetu, alisema tupeleke habari kwa wakubwa.

"Bomani ni mwendo wa siku nzima," Alois akamjibu. "Kwenda na kurudi ni siku mbili. Katika jua hili?"

"Basi tumfunike majani tungoje."

"Petro," Mama Felista akasema, akiutoa mrija wa kiko mdomoni, "huyu kaangukia wapi?"

"Kwenye njegere zako, mama."

"Basi ni wa kwangu. Angetaka ukoo mwingine angeanguka kwingine. Waiteni watani."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kuanzia pale, kijana yule alikuwa marehemu wa lukolo la Mama Felista, na Alois, mtoto wake, akawa mwenye msiba. Mtu anaweza kucheka. Sisi hatukucheka. Wanawake wawili walianza kulia kilio kamili, cha kumlilia mtu wa nyumbani, na mimi nikajiunga nao, kwa sababu nilikuwa mkwe na ilikuwa zamu yangu.

Ikaja shida ya sanda na sanduku. Sanda hakuna, kijiji kizima. Mbao za Alois zote zilikuwa zimekwenda kwenye machela. Ndipo akalizunguka lile bawa, akaweka pua yake kwenye ubao uliochomoza, akafumba macho.

"Mbao nzuri hii," akasema. "Nyepesi, lakini inashika msumari."

Ndiyo. Aliibomoa ndege. Sikatai, na yeye hakukataa siku hata moja. Aliibomoa ili amzike mwenye ndege. Kitambaa cha bawa alikikata kwa kisu kufuata mshono, akakifanya sanda. Kilikuwa kimepakwa dawa fulani yenye harufu kali, kigumu kama ngozi ya ngoma, kikawa kinapiga kelele tulipokikunja. Mbao za bawa akazifanya sanduku, kuanzia asubuhi ile mpaka jua lilipoanza kushuka, na alipolimaliza aligonga pembe zote nne kama alivyogonga kazi ya mtu aliye hai. Mnaosema aliuza vipande, mwonyesheni mnunuzi. Mwaka ule angenunua nani, na kwa fedha gani?

Watani walifika saa nane mchana, kutoka ng'ambo ya kijito. Niwaeleze wasomaji wa mjini ambao labda mambo haya wameyaacha. Mtani haji msibani kulia. Anakuja kufanya kazi ngumu ambayo wenye msiba hawaiwezi, na huku anafanya mzaha ili msiba usiwaue. Ujira wake ni mavazi aliyofia marehemu na vitu alivyokuwa navyo mwilini. Anavichukua mbele ya watu, anavivaa, anacheza navyo. Wenye msiba wakitaka kitu kimojawapo wanakikomboa kwa kuku au chumvi. Wasipotaka, ni mali yake kabisa. Alois alipofariki, watani walilichukua koti lake jeusi la kanisani, wakaliigiza hata kutembea kwake, nami nikalikomboa nikiwa nacheka na machozi yananitoka. Hakuna aliyewaita waporaji.

Aliyewaongoza siku ile nitamwita mtani tu. Alimtazama kijana yule aliyelazwa kwenye majani, akamgeukia Mama Felista.

"Wewe bibi, mjukuu wako mweupe hivi, ulimficha kwenye unga?"

"Nilimficha asikuone wewe akafa mapema."

"Na mzigo wenyewe ulivyo mrefu! Njegere zenu mnamlisha Mzungu, sisi mnatupa maganda. Kaburi tutalichimba fupi, miguu ibaki nje, mtundikie kiko."

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu kweli. Kazi yao waliifanya kwa adabu yote. Walimwosha, wakamnyoosha shingo taratibu kama mtu anayelala. Kisha wakachukua chao. Mtani alivaa zile buti, ndefu mpaka gotini, akavaa na koti la ngozi lenye manyoya kwenye ukosi, jua linawaka, akawa anajipepea. Saa aliiweka sikioni. Akaruka.

"Jamani! Mnamzika nani? Huyu hapa bado anahema!"

Mfukoni mwa shati walikuta picha. Tulidhani ni ya mke au mama. Ilikuwa ya mbwa, mbwa mwenye masikio marefu, amekaa kwenye ngazi za nyumba.

"Mjane ndiye huyu!" mtani akapiga kelele. "Mwiteni aje arithiwe! Alois, wewe ndiye ndugu wa marehemu, mrithi!"

Alois, mtu ambaye niliwahi kumwona akicheka labda mara mbili, alikaa chini kabisa, ameshika shoka lake, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Ile picha mtani aliirudisha. Akasema picha ya mjane haichukuliwi, akaiweka kifuani kwa marehemu, chini ya sanda. Kisha akamwuliza Mama Felista kama anakomboa kitu.

"Sikomboi," mama akasema. "Njegere zangu zimelala chini, kuku wangu wameliwa na vita. Vaa utembee."

Sasa fikirini mtu anayeyaona hayo kwa mbali.

Mtu huyo alikuwapo. Akida wa upande wetu, mtumishi wa Serikali ya Mjerumani, mtu wa pwani, alikuwa amesikia habari za ndege akaja na askari wawili. Alisimama kwenye ukingo wa ng'ambo ya bonde, na kutoka pale aliona Mwafrika amevaa buti na koti la Mzungu anacheza, wanawake wanacheka, na Alois katikati ya ndege iliyovunjwa, shoka mkononi. Utani akida aliujua. Kwao pia upo. Ila haikumwingia akilini kwamba Mzungu naye anaweza kuwa na watani.

Kuteremka bonde lile na kupanda si kazi ndogo. Alipotufikia, Petro alikuwa ameshamaliza sala, kaburi limefukiwa, na watani wamekwenda zao. Alikuta msalaba wa mbao za ndege, na Alois anausimamisha wima kwa jicho.

"Nani amevaa buti?" akida akauliza, bado anatweta.

"Bwana akida, karibu kwanza," Alois akasema. "Tuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama."

Akida alimpiga kofi. Askari wakamfunga mikono kwa waya wa ndege.

Walimpeleka kwenye kambi ya Wajerumani iliyokuwa chini, kando ya njia ya kuelekea Mgeta. Mimi na Mama Felista tulifuata nyuma, tukalala nje ya kambi, na asubuhi tukaitwa. Mkubwa wa kambi alikuwa amekaa kwenye sanduku la risasi, uso umekuwa wa manjano kwa homa. Alisema ndege ya adui ni mali ya Serikali, na anayegusa mali ya Serikali wakati wa vita anaweza kunyongwa.

"Mbao nilichukua mimi," Alois akasema. "Ziko kaburini. Mkizitaka, fukueni."

"Na buti? Koti? Saa?"

"Hivyo sikuchukua."

"Nani amechukua?"

"Wenye haki navyo."

"Jina."

Alois aliulizwa mara tatu, na mara ya tatu akida alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma, "Taja, kijana. Wewe si mwizi, nakuona. Taja tu twende nyumbani." Alois akamtazama kama anavyotazama ubao wenye ufa.

Hapo nilisimama. Nilimwambia yule mkubwa kwa Kijerumani kwamba mume wangu amemzika adui wake kwa heshima kuliko yeye anavyowazika wapagazi wake, na kwamba anayeosha maiti kwetu hupewa mavazi yake, na huo si wizi. Aliinua kichwa.

"Umejifunza wapi lugha hii?"

"Kwa masista wenu."

Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Askari wangu wanatembea miguu mitupu tangu mwezi wa sita. Nataka zile buti."

Nikaelewa. Hakuwa anatafuta mwizi. Alikuwa anatafuta buti, na lile koti la kuzuia baridi ya homa yake. Na huyo ndiye aliyemhukumu mume wangu kwa uporaji.

Alois alipewa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Wazee wanajua maana yake, na vijana wawaulize. Alilazwa kifudifudi juu ya machela aliyoitengeneza kwa mikono yake. Baada ya kila viboko vitano walisimama, wakauliza jina. Hawakulipata. Mama Felista alisimama wima muda wote, kiko mdomoni bila moto, na ilipokwisha akamwambia akida, "Mmeshamaliza? Nipeni mtoto wangu."

Tulimbeba mpaka nyumbani. Alilala kifudifudi siku tisa. Siku ya kumi Wajerumani walikuwa wamekwenda, na tuliposikia Morogoro imeingiwa na Waingereza alikuwa anaweza kukaa.

Wale Waingereza nao walikuja. Walimfukua mwenzao wampeleke kwenye makaburi yao. Mkubwa wao aliligonga sanduku kwa vidole, akazunguka, akauliza nani kalitengeneza. Alois akasema, "Mimi." Yule bwana alivua kofia. Halafu, kofia bado iko mkononi, akauliza habari za buti. Alois akampa jibu lile lile alilompa Mjerumani. Hawakumchapa. Waliandika tu kwenye karatasi zao kwamba wenyeji walimpora marehemu. Wa kwanza walituchapa, wa pili wakatuandika, na kipi kimedumu zaidi mnakiona wenyewe.

Alois aliishi miaka thelathini na tisa baada ya siku ile. Alitengeneza madawati ya shule niliyofundisha, milango ya watu wengi wanaotusema, na vitanda walivyozaliwa. Mvua ikinyesha alishindwa kuegemea kiti. Hakuwahi kumweleza mtu kwa nini. Watoto wake walilipata lile neno la uporaji mitaani kabla hawajalipata kwangu, na hilo ndilo kosa langu pekee katika habari hii.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, anaandika magazetini, kijana msafi, aliniamkia vizuri. Alikuwa ameziona karatasi za Waingereza. Akasema, "Bibi, mimi naamini mzee hakuchukua. Nitajie aliyechukua, niandike, jina la mzee lisafike."

Nilimwuliza, "Ukishaandika, la yule mwingine litakuwaje?"

Akasema hilo ni jambo la historia.

Nikampa chai, nikamwonyesha njia. Nawaambia na ninyi, pamoja na wale waliorudi kufikiri kuhusu Rosa. Mtani yule ana watoto na wajukuu. Wanapita mlangoni kwangu, wananitukana kwa haki yao, nami nawatukana. Leo nikimtaja, kesho watu wale wale wa sokoni watawaita wao waporaji, na watakaosimama kueleza utani ni nini hawatakuwapo. Alois alilazwa kwenye machela kwa ajili ya jina lile. Nikilitoa ili nimsafishe, nitakuwa nimemwambia kwamba alichapwa bure. Jina lake halina uchafu wa kusafishwa kwa jina la mtu mwingine. Anayetaka kumwoa Rosa amwoe akijua babu yake alikuwa nani, na asiyetaka apite.

Jina silitaji. Wala familia, wala kijiji, wala buti zilichakaa miguuni mwa nani. Msinitumie watoto kuniuliza, wala msije na daftari. Nimesema niliyotaka kusema, na mengine sisemi.